Kota za Kusini na kikomo cha mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa na binadamu katika Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi wa namna hiyo. Linasubiri Waziri mwenye dhamana aridhike kwamba linafaa, kisha alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa mkazi wa Kilwa kikomo hicho hakina taabu, kwa sababu Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na magofu ya Songo Mnara yalikuwa na umri wa karne kadhaa kabla mwaka huo haujafika, na UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kwa mkazi wa Mtwara mjini hali ni tofauti kabisa. Mji wake ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, bandari yake ilianza kuhudumia meli kubwa katika miaka ya 1950, na hakuna tofali hata moja la kazi ya viwandani, iwe Mtwara, Lindi, Nachingwea au Masasi, linaloweza kuukaribia mwaka 1863. Historia yote ya kazi ya mshahara katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, imeachwa nje ya uzio wa sheria.

Ninazungumzia sehemu ya historia hiyo ambayo hata wapenzi wa mambo ya kale huipita bila kugeuza shingo, yaani nyumba walizolala wafanyakazi: kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Lindi, kota za bandari na za reli, nyumba zilizoachwa na mpango wa Waingereza wa kulima karanga kule Nachingwea, na zile za watumishi wa viwanda vya korosho. Nyingi zimechakaa, na nyingi zimekaa juu ya viwanja ambavyo thamani yake sasa inazidi kwa mbali thamani ya kuta zake. Kila mradi mkubwa unapotangazwa Kusini, bei ya ardhi hupanda kabla greda la kwanza halijashushwa. Gesi ya Mnazi Bay, kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa Msijute mwaka 2015, gati jipya la mita 300 katika bandari ya Mtwara, mazungumzo ya muda mrefu kuhusu mtambo wa gesi Likong'o na ile reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inayosubiriwa, vyote vimewafanya wenye mitaji kutafuta maeneo yaliyo karibu na maji, yenye barabara na yenye mmiliki mmoja wa kuzungumza naye. Kota zina sifa zote hizo. Mwenye hati ni taasisi, wanaoishi ndani ni wapangaji au wastaafu, na notisi moja inatosha kuwatoa.

Hoja yangu ni kwamba kwa kila wimbi la uchumi lililopita Kusini tuchague safu moja au mbili za kota, tuzihifadhi zikiwa na watu ndani, na tufanye uchaguzi huo kabla ya mnunuzi kufika. Hoja hiyo ina masharti yake, na baadhi ya masharti hayo hayatawafurahisha watu wa makumbusho.

Tuanze na mkonge. Dk. Richard Hindorf aliuingiza mmea huo upande wa Tanga mwaka 1893, na kabla ya Wajerumani kuondoka ulikwishafika Lindi, ambako mashamba kama Kikwetu yaliendelea kuukata kwa miongo mingi. Kusini ya enzi hizo ilikuwa na sura mbili kwa wakati mmoja. Ilikuwa na mashamba yaliyohitaji watu, na papo hapo ilikuwa ghala la kuchotea watu wa mashamba ya mbali: Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera walisafirishwa kwenda Tanga na Morogoro, huku Wamakonde wa Msumbiji wakivuka mto Ruvuma kuja kutafuta kazi upande huu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU, ili ukusanyaji huo wa watu uende kwa utaratibu. Manamba aliweka dole gumba kwenye mkataba, akapewa kipande (kadi ya kazi) cha siku 30 ambacho hakikuhesabu siku bali kazi iliyokamilika kwa kiasi alichopangiwa na nyapara, kisha akaonyeshwa kambi.

Ndani ya kambi hiyo ndimo siasa ya mshahara ilimosimamishwa kwa mawe na bati. Serikali ya kikoloni na waajiri walikokotoa mshahara wa mwanamume mmoja asiye na wa kumtegemea, kwa hoja kwamba mke na watoto wake wanalishwa na shamba la kijijini. Kwa kuwa hapakuwa na haja ya kulipa zaidi, hapakuwa pia na haja ya kujenga zaidi ya chumba cha kulaza wanaume kadhaa. Mantiki hiyo imo katika majalada, lakini majalada yaliandikwa na waajiri kwa ajili ya waajiri wenzao, na maneno yake yamelainishwa. Chumba chenyewe hakijui kulainisha maneno. Kina mlango mmoja na dirisha dogo lililowekwa juu mno kwa mtu aliyeketi kuona nje. Jiko ni la wote na liko uani, na choo kiko umbali ambao mgonjwa wa kuhara angeuhesabu kwa hatua. Ukipima kutoka ukuta hadi ukuta, ukagawa kwa upana wa kitanda cha kamba, unapata idadi ya watu ambayo taarifa za mwaka za mashamba hazikuwa na sababu ya kuichapa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika, na mabadiliko hayo nayo yanasomeka ukutani. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa hadi sehemu nyingine za nchi, na polepole serikali na waajiri wakubwa wakakubali kwamba mtu anayebaki kazini miaka mingi ana faida kuliko yule anayebadilishwa kila msimu. Mfanyakazi wa kudumu ana familia, familia inahitaji jiko lake, na watoto wanahitaji pa kulala. Kwa sababu hiyo kota zilizojengwa kwa fikra hiyo mpya zina vyumba viwili, ua uliozungushiwa ukuta na jiko la kila nyumba. Aliyezoea kuziangalia anaweza kusimama barabarani, bila karatasi yoyote mkononi, akaeleza ipi ilijengwa kwa fikra ya zamani na ipi kwa fikra iliyofuata. Tukibomoa zote mbili tutabaki na maelezo ya mdomo. Tukiacha ile nzuri peke yake, ambayo ndiyo inayoshawishi kuachwa, tutakuwa tumeisafisha historia.

Mpango wa karanga unajulikana zaidi kwa kushindwa kwake. Ulipendekezwa mwaka 1946 na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, ukakaguliwa na ujumbe wa John Wakefield, ukakumbatiwa na serikali ya Uingereza ya chama cha Labour iliyokuwa na shida ya mafuta ya kula, na kuanza mwaka 1947 kwa ahadi ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 serikali hiyohiyo ilitangaza kuuacha, ikiwa imekwishapoteza takriban pauni milioni 36. Wanahistoria wengi huishia hapo, wakicheka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Kwa Kusini, hata hivyo, kushindwa huko ndiko kulikozaa mji. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa ili kusafirisha karanga ambazo hazikuja, reli ya kwenda Nachingwea ikatandikwa kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mitaa ikapangwa kwa desturi ya wakoloni: Shangani kwenye upepo wa bahari kwa Wazungu, biashara katikati, na Waafrika wakapelekwa ndani zaidi. Kata ya Reli bado ipo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na wajukuu wamezaliwa humo bila kusikia honi ya treni.

Yaliyobaki ya mpango huo ni barabara, gati na nyumba. Nachingwea kuna jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu eneo lililoachwa na wakulima wa karanga ndilo lililokuja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel aliongoza maandalizi ya wapiganaji waliovuka Ruvuma. Kupitia Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, Serikali na UNESCO wametambua maeneo ya aina hiyo kuwa urithi wa bara zima, na hilo ni jema. Lakini angalia namna utambuzi unavyofanya kazi: mahali panapata heshima kwa sababu ya mpiganaji aliyepita hapo miaka ya 1960, ilhali aliyefyeka pori, aliyemimina zege na aliyelala hapo miaka ya 1940 hatajwi. Sisemi wapiganaji wapunguziwe chochote. Nasema kibao kimoja kina nafasi ya mistari miwili.

Kuhusu korosho nitakuwa mfupi. Katika miaka ya 1970 taifa lilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia, vingi vikiwa Mtwara na Lindi, wakati mavuno yalipofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kisha vijiji vikahamishwa mbali na mikorosho, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, bei ikamkatisha mkulima tamaa, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikafungwa, na vingine vikageuzwa maghala. Jambo la maana kwa mjadala huu ni kwamba wabanguaji wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walipanga vyumba vya watu mitaani kwa sababu nyumba za kiwanda zilitolewa kwa vyeo. Kwa hiyo kota za kiwanda cha korosho zinatuonyesha nani alihesabiwa kuwa mtumishi na nani alihesabiwa kuwa mkono wa kazi tu. Mtu akitaka kuhifadhi historia ya wabanguaji atalazimika kutazama pia vyumba vya kupanga vya udongo na miti vilivyokuwa jirani na lango.

Ipo safu moja ya kota za zamani Mtwara ambayo sitaitaja ilipo, maana wakazi wake hawajaniruhusu. Ni milango minane iliyopangwa kwa mstari mmoja, na mbele yake kibaraza cha zege kinachounganisha yote, kilicholainika katikati kama sabuni iliyotumika, kwa sababu kila anayetoka au kuingia hukanyaga palepale. Namba za milango zilipakwa rangi kwa chapa ya bati iliyokatwa herufi. Ukikwangua kidogo unaona namba nyingine chini yake, ya mpangilio mwingine, ishara kwamba nyumba zilibadilishiwa mwenyewe. Hilo si ajabu: bandari yetu ilikuwa chini ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikaja mamlaka ya taifa, na mwaka 2005 ikaja mamlaka nyingine. Kila mwenye mali mpya alihesabu upya alichorithi. Nyuma ya safu kuna karo la kufulia lenye sehemu nne, na juu ya ukuta wake, upande wa kivuli, kuna mikwaruzo mingi ya visu vilivyonolewa hapo miaka nenda miaka rudi. Lipu imebanduka kwa chini kwa sababu ya chumvi. Paa ni la shiti za asbestosi, na limeota ukungu mweusi.

Anayeishi mlango wa tatu hataki kusikia neno urithi. Anataka choo cha ndani, umeme usiopita kwenye waya wa kuungaunga na dirisha linalofunga. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na makala nyingi za uhifadhi hupita juu yake haraka. Ni jambo la fedheha kumwambia mtu aendelee kuishi katika chumba kilichopimwa kwa dharau ili sisi wengine tuje kupiga picha. Anayeniambia kwamba kuhifadhi kota ni kuhifadhi umaskini ana hoja, na ningemuunga mkono moja kwa moja kama njia zilizopo zingekuwa mbili tu, yaani kubomoa zote au kuzigandisha zote zilivyo.

Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hilohilo katika mazingira mabaya zaidi. Lwandle, karibu na Somerset West, palikuwa na hosteli za wanaume waliotolewa vijijini kufanya kazi katika viwanda vya kusindika matunda na kwingineko, chini ya sheria zilizowakataza kuja na wake zao. Ubaguzi ulipoondoka, hosteli hizo zilifanyiwa ukarabati na kuwa nyumba za familia, jambo ambalo wakazi wenyewe walilihitaji. Jengo moja, Hosteli ya 33, liliachwa na vitanda vyake na vyumba vyake vilivyojaa watu kupita kiasi, na tarehe 1 Mei 2000 pakafunguliwa Makumbusho ya Wafanyakazi Wahamiaji ya Lwandle. Uwiano huo unanivutia: karibu kila kitu kikawa makazi bora, na kipande kidogo kikabaki kuwa ushahidi. Walichagua jengo la kawaida kabisa, maana lililokuwa la kawaida ndilo lililokuwa na maana.

Ujerumani wana mfano wa namna nyingine. Eisenheim, katika mji wa Oberhausen, ni mtaa wa wafanyakazi wa chuma na makaa ulioanza kujengwa mwaka 1846, wa zamani kuliko yote katika eneo la Ruhr. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulipangiwa kubomolewa ili yapandishwe majengo makubwa. Waliouokoa ni wapangaji wenyewe, wakisaidiwa na mwanahistoria wa sanaa Roland Günter na wanafunzi wake, ambao waliingia nyumba kwa nyumba wakaandika watu wanaishi vipi humo: bustani zinatumikaje, majirani wanakutana wapi, mzee anamtegemea nani. Hoja yao kuu haikuwa uzuri wa matofali. Ilikuwa kwamba mpangilio wa nyumba zile umejenga ujirani ambao ghorofa lingeufuta. Mwaka 1972 mtaa ukalindwa, wapangaji wakabaki, na nyumba ya zamani ya kufulia ikafanywa makumbusho madogo. Ninapoliangalia karo lile la sehemu nne huwa najiuliza ni halmashauri gani ya kwetu ingethubutu kuandika karo katika orodha ya mali za kihistoria.

Nyumbani tunao mfano wa Magomeni Kota, Dar es Salaam. Nyumba za zamani zilibomolewa, wakazi wakatawanyika kwa miaka mingi wakisubiri, na mwaka 2022 magorofa mapya yalizinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Wapo waliodhani ahadi ya kurudi isingetimizwa, na ilitimizwa. Sifa hiyo itolewe. Hata hivyo, wa kusoma mtaa ule ulivyokuwa hana tena mlango hata mmoja wa kuugusa. Kuacha nyumba mbili kati ya zote kusingemzuia mtu yeyote kupata fleti yake. Halikuwa suala la fedha wala nafasi. Ni kwamba kwenye meza ya mipango hakuwapo mtu mwenye wajibu wa kuuliza.

Kwa Mtwara na Lindi nafasi ipo zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wakoloni walipanga kota kwa kuacha uwazi mkubwa kati ya safu na safu, kwa kuogopa magonjwa na moto, na pengine kwa kutaka kuona kila kinachoendelea. Uwazi huo ndio akiba yetu. Mwekezaji anaweza kupandisha ghorofa nne nyuma na katikati ya eneo, akaacha safu ya mbele ya barabara isimame, na bado akapata vyumba vingi kuliko vilivyokuwapo. Safu inayobaki iunganishwe vyumba viwili viwili kwa kutoboa ukuta wa kati, choo na bafu viwekwe kwa nyuma mahali pa jiko la zamani, na chumba kimoja tu, mwishoni mwa safu, kiachwe na vipimo vyake vya awali. Asbestosi iondolewe, kwa kulowanishwa na kwa mafundi waliovaa vinyago, si kwa nyundo ya kibarua wa siku. Hilo ni gharama, na anayesema uhifadhi ni rahisi hajawahi kulipia kazi hiyo. Kuta zenye chumvi zisipigwe lipu ya saruji, kwa maana saruji hufungia unyevu ndani na ukuta ukaoza kwa nyuma. Chokaa huruhusu ukuta kupumua, na mafundi chokaa wa Mikindani na Kilwa bado wanaijua kazi hiyo. Safu ambazo zilikuwapo wakati kimbunga kilipoipiga Lindi mwezi Aprili 1952 zimekwishaonyesha kwamba mifupa yake si mibovu.

Nirudi kwenye sheria, kwa sababu nia njema bila karatasi haiishi zaidi ya kipindi kimoja cha Baraza la Madiwani. Wapo wanaopendekeza kikomo cha 1863 kigeuzwe kuwa umri unaotembea, yaani kila jengo lilindwe likitimiza miaka 100. Bunge la mwaka 1964 bila shaka lilikuwa na karne moja akilini, kwa hiyo pendekezo linaonekana la busara. Tukilijaribu kwa Kusini tunaona upungufu wake. Lingeiokoa Boma ya Mikindani, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na ambayo tayari imekarabatiwa na kufanywa hoteli kwa juhudi za shirika la hisani la Trade Aid, lakini nyumba za karanga zingesubiri hadi karibu mwaka 2050 na kota za korosho hadi miaka ya 2070. Hakuna itakayofika. Umri ni kipimo kinachofaa ngome, kwa sababu ngome hujengwa ili idumu na mwenye ngome ana jina. Nyumba ya kibarua hujengwa kwa bei ya chini na hubomolewa mara tu faida inapohamia kwingine, kwa hiyo kusubiri izeeke ni sawa na kuamua isiwepo. Inahitajika orodha ya aina, itakayosema kwamba kila wilaya yenye historia ya kiwanda, bandari, reli au shamba kubwa itateua angalau mfano mmoja wa makazi ya wafanyakazi, bila kujali umri wake.

Wakati tukisubiri marekebisho hayo, vyombo vingine vipo. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza jengo lolote. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa mamlaka za mipango uwezo wa kulinda majengo yenye thamani ya kihistoria, na Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inazungumzia wajibu wa serikali za mitaa. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayodaiwa kwa miradi mikubwa chini ya sheria ya mwaka 2004, inaweza kutakiwa iorodheshe nyumba za wafanyakazi pamoja na makaburi na mibuyu. Palipo na pengo halisi ni kwa mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaahidi fidia kamili, ya haki na ya haraka, lakini ahadi hiyo humfuata mwenye haki katika ardhi, na aliyekaa kota miaka 40 kwa barua ya ajira hana haki hiyo. Halmashauri ikitoa kibali cha kuendeleza eneo la kota inaweza kuweka sharti kwamba waliokuwemo wapewe nafasi ya kwanza katika safu iliyohifadhiwa au katika ghorofa jipya, kwa kodi inayolipika na mstaafu.

Sitadai kwamba watalii watamiminika. Mtalii anayekuja Kusini anakwenda Kilwa, Mikindani au Msimbati kuogelea, na sidhani atasafiri hadi Nachingwea kuona karo. Wanaoahidi mapato ya utalii kwa kila jengo la zamani wanaiharibia kazi hii jina, kwa sababu mapato yasipoonekana, hoja ya kubomoa inarudi na nguvu mpya. Mapato ya safu ya kota ni kodi ya pango, na inatosha kulipia chokaa na bati. Hata umaarufu wenyewe hauhakikishi matunzo: Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyo ndani ya Mji Mkongwe wenye hadhi ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Afisa mipango miji, afisa utamaduni na mpima mmoja wanaweza kuzipitia kota za Mtwara, Lindi, Mingoyo, Mtama, Nachingwea na Masasi wakiwa na futi, kamera na daftari, wakachora kila aina ya safu, wakaandika mwenye hati ni nani na nani anaishi humo. Waende na wastaafu. Mstaafu wa bandarini anajua mlango upi ulikuwa wa nyapara na kwa nini ulielekezwa upande wa lango. Mjane wa mfanyakazi wa kiwanda anajua bomba lilikuwa wapi na foleni yake ilianza saa ngapi. Wengi wao wamepita miaka 70. Orodha hiyo ikamilike na kupitishwa na Baraza la Madiwani kabla ya vigingi vya reli mpya ya Mbamba Bay kuanza kupigwa, kwa sababu mhandisi akishachora mstari, kumwomba ausogeze mita 20 kwa ajili ya milango minane ya kota ni maombi ambayo hakuna ofisi itakayoyajibu kwa maandishi.